Siku Tulipopiga Kelele Mwamba Ukiwa Motoni

Jiwe halitazamwi, linasikilizwa. Ligonge mara moja kwa nyundo ndogo. Likilia kama kengele, ni zima. Litakutoa jasho, lakini kokoto zake zitashika zege mpaka wajukuu zenu wazeeke. Likijibu kama mtungi wenye ufa, limeoza ndani, achana nalo. Siku hizi mafundi wananunua kokoto za mashine, zimefanana kama maharage, wala hawazigongi wakasikia. Shauri yao. Mashine haiumwi mgongo, lakini masikio pia haina.

Nyie wasichana wa kikundi mliokuja kwangu juzi, mkaniamkia vizuri, mkakaa mkekani na simu zenu, mkaniuliza: "Bibi, ulianzaje kuwa kiongozi wa wanawake?" Niliwajibu mkato kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Sasa nimekaa, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa pabaya, ihamisheni. Halafu yule mrefu mwenye miwani alisema akisimama mbele ya wazee wa mtaa sauti inamkimbia. Huyo ndiye ninayemwandikia hasa. Wengine sikilizeni tu.

Mimi ni mponda kokoto. Sikuwahi kuwa kitu kingine na sioni haya. Ukipita mjini Mwanza ukaona ghorofa la zamani zamani kidogo, la miaka ile ya tisini, ujue ndani ya zege lake kuna mawe yangu. Nyumba yangu hii nimeijenga kwa nyundo, na ada za watoto watatu zimetoka kwenye nyundo hiyo hiyo.

Nilitoka Misungwi nikimfuata mume wangu, Baba Shija, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha umma. Ndiyo zile enzi watu wanasema kila kitu ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa mtumba, na kumbe ruksa pia kufukuzwa kazi. Kiwanda kikapunguza watu, na Baba Shija akawa mmoja wao. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, redio pajani, akisubiri waite tena. Hawakuita.

Lakini wakati kiwanda kinakufa, mji unajengwa. Wenye uwezo walikuwa wamefunguliwa mlango: maduka kule Mirongo, nyumba za kulala wageni, viwanda vya minofu ya sangara kando ya ziwa. Zege linataka kokoto, na Mwanza Mungu ametumwagia mawe kana kwamba alikuwa safarini akachoka kuyabeba. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa machimbo kwenye mlima mmoja huku Kiseke, wakati huo Kiseke bado vichaka. Nikaokota nyundo, nikapanda.

Siku ya kwanza nilishika jiwe kwa vidole nikaligonga. Ukucha ukaenda. Aliyekaa karibu yangu alikuwa Bi Mwajuma, mama wa mjini, kwao Mirongo, mkubwa kuliko sisi wote, khanga yake safi hata kwenye vumbi. Akanitazama.

"Mama, zege unalotengeneza ni la kucha?"

"Nimeteleza."

"Hujateleza, hujui. Lete mkono."

Akanifunga kitambaa, halafu akanionyesha kitanzi. Unakata ukanda wa tairi, unaukunja duara, unaubana kwa waya ubaki na mpini. Jiwe linakaa ndani ya duara, wewe unashika mpini. Vipande haviruki machoni, na vidole vinabaki kumi. Mpini wa nyundo uwe wa mpera, mti mwingine utakutoa malengelenge. Kaa juu ya gunia lililokunjwa, miguu umeifunika na gunia jingine. Na usipige kwa hasira. "Hasira ipeleke nyumbani kwa mwenye nayo," Bi Mwajuma alikuwa anasema. "Hapa leta macho. Jiwe lina mshipa kama mti. Utafute, uguse hapo, litafunguka lenyewe." Mpaka leo nikiona kijana anapiga jiwe huku ameuma meno, najua hatamaliza mwezi.

Sasa sikilizeni utaratibu wa mlima, maana bila huo hamtaelewa.

Wanaume walikuwa juu, sisi chini. Wao walikuwa wanachoma mwamba: wanapanga magogo na tairi kuukuu juu yake, wanawasha, mwamba unakula moto kutwa nzima, halafu wanapanda na nyundo kubwa na mitaimbo na kuupasua. Vipande wanavisukuma, vinabingirika mpaka kwetu, sisi tunavigeuza kokoto. Kabla ya kusukuma, mwanamume wa juu anapiga ukelele, "Jiweee!", na sisi tunakimbia pembeni.

Lakini kulikuwa na mwiko. Tangu moto unawashwa mpaka mwamba upasuke, mwanamke haongei. Si kwamba aongee taratibu. Haongei. Walisema mwamba ulio motoni ukisikia sauti ya mwanamke unajikaza, haupasuki tena. Mwanamume akiongea, akiimba, akitukana, haudhuriki. Sauti yetu tu ndiyo ilikuwa na nguvu hiyo. Nilikuwa namwambia Bi Mwajuma, kama kweli sauti zetu zina nguvu ya kuzuia mwamba, mbona haziwezi kumzuia mume asinywe pombe?

Tukazoea. Binadamu anazoea chochote, hilo nalo mliandike mahali. Tulikohoa kwa maana. Tuliongea kwa vidole, na Bi Mwajuma aliongea kwa nyusi. Nimewahi kusimuliwa ndoa nzima ya watu, kuanzia posa mpaka talaka, kwa nyusi tupu. Na tukitaka kutaniana tulirushiana kokoto. Unamrushia mwenzako kajiwe mgongoni, anageuka, anakurudishia, mnacheka matumbo yakitikisika na midomo imefungwa. Ndiyo ilikuwa simu yetu.

Jambo la pili: yule mkubwa wa machimbo alikuwa mkwe wangu. Nyie mnawaita wakwe zenu "dady" na kupiga nao picha. Kwetu sisi, mkwe wa kiume hatazamwi usoni. Jina lake hulitaji; hata leo amelala kaburini na kalamu yangu inakataa kuliandika. Ukiwa na la kumwambia unamtuma mama mkwe, au mtoto. Ukikosa mtu, unaambia kitu. Mwaka nilioolewa, bado niko Misungwi, yeye alikuja kutembelea, wote wametoka, mimi na yeye tu uani, nikaona ng'ombe wameingia kwenye pamba. Nifanyeje? Nikageukia chungu kilichokuwa jikoni nikasema kwa nguvu: "Wewe chungu, ng'ombe wanakula pamba ya watu!" Mzee akaruka na fimbo. Jioni nikamsikia anamwambia mama mkwe, "Chungu chako kina akili." Alikuwa na utani wake, yule mzee, lakini ulikuwa umefichwa ndani kama mshipa wa jiwe.

Haya. Siku aliyoumia Leticia.

Leticia alikuwa Mhaya, ametoka upande wa Bukoba, mnene, mcheshi, mwepesi wa mkono kuliko sisi sote. Amekaa ameupa mlima mgongo. Mbele yake amekaa Kabula, binti wa Kisukuma, mdogo wetu, hata mtoto hajapata. Moto unawaka juu tangu asubuhi, wanaume wamekwenda kivulini kusubiri. Na sisi kimya, nyundo tu.

Kumbe moto umelegeza jiwe lililokuwa limezuia jiwe jingine. Hakuna aliyelisukuma, kwa hiyo hakuna aliyeita. Kabula, walisema waliokuwa wamemtazama, akaliona linaanza. Akaziba mdomo kwa mkono mmoja, hata katika hofu ile mkono ulijua pa kwenda, na kwa mkono wa pili akachota kokoto akamrushia Leticia. Mara moja, mara mbili. Leticia akageuka anacheka bila sauti, anaokota kajiwe amrudishie. Akadhani ni utani. Nani angedhani vingine?

Jiwe likamfikia mguuni.

Mimi nilikuwa nimegeukia upande wa pili, nilichosikia ni mguu. Sitasema ulisikikaje. Halafu Leticia akalia, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya mwanamke kusikika kwenye mlima ule moto ukiwa unawaka. Akashuka mbio kijana mmoja wa wapasuaji, Deusi, kifua kipana, mdomo mpana zaidi. Na neno lake la kwanza, kabla hajaona damu, lilikuwa: "Nani anapiga kelele?"

Neno hilo lilikaa hapa, kifuani. Halikutoka.

Leticia alipona lakini mguu haukupona. Tukakusanyika chumbani kwake baada ya kutoka hospitali, wanawake wa mlimani wote, wengine tumesimama mlangoni. Kabula alikuwa kwenye kona. Tangu siku ile alikuwa haongei, moto uwepo usiwepo.

"Tumwombe mzee," akasema Bi Mwajuma. "Mwanamke akiona hatari, apige kelele. Na awepo mwenzetu mmoja wa kuangalia, akisema simama, watu wasimame. Aliye chini ndiye anayeliona jiwe."

"Nani wa kumwomba?"

Wakanigeukia wote. Hata Leticia, na yeye amelala.

"Msinitazame mimi," nikasema. "Yule ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana. Wewe ni kama mtoto wake."

"Mkwe na mtoto ni vitu viwili. Nikisimama nikaongea naye mbele ya watu, nimevua nguo mbele yake."

"Sisi akitufukuza," akasema Leticia, "tumefukuzwa, basi. Wewe akikufukuza asubuhi, jioni ana njaa, atamfuata nani?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Bi Mwajuma akanitazama kwa zile nyusi zake, safari hii akaongeza na mdomo: "Si wewe uliyenisimulia habari ya chungu?"

Nikarudi nyumbani, nikamweleza Baba Shija. Akazima redio. Mjue jambo ni zito mume wangu akizima redio.

"Utasimama mbele ya baba mdogo?"

"Nitasimama."

"Uongee naye?"

"Niongee na lundo la kokoto."

"Watu watasema nimeoa kichaa."

"Sasa hivi wanasema umeoa mponda mawe. Watakuwa wameongeza kidogo tu."

"Mama Shija, sikiliza. Mzee akikukataa, mimi siwezi kukutetea. Huyo ndiye baba niliyebaki naye. Itabidi urudi Misungwi kwa baba yako, na watoto ni wa ukoo huu." Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningemjibu. Alilisema kama mtu anayesoma mvua mawinguni, na hapo nikaelewa ninachokipeleka mlimani. Sipeleki ombi la wanawake tu. Napeleka ndoa yangu na watoto wangu, na nyundo yangu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda.

Jumamosi wanaume walikuwa wanakaa kwenye bamba moja pana la jiwe, kupanga mwamba wa wiki. Sisi hatukuwa tunafika pale. Siku hiyo tukafika, tukakaa chini, miguu tumeinyoosha. Mkwe wangu amekaa katikati, nimemwona kwa pembe ya jicho tu: kofia yake, fimbo yake. Mbele yake kulikuwa na lundo la kokoto linalosubiri gari.

Nikasimama. Nikampa mgongo, nikalielekea lundo.

"Wewe lundo, shikamoo."

Wanaume wakaangua kicheko. Deusi akapiga makofi. Mimi nikasimama pale, masikio yanawaka, nikasubiri. Kicheko kikaisha chenyewe. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee, taratibu:

"Lundo, mwambie marahaba."

Hakuna aliyecheka tena.

"Lundo, niulizie. Leticia amevunjika mguu kwa nini?"

"Lundo, mwambie ni bahati mbaya."

"Lundo, mwambie kwamba Kabula aliliona jiwe tangu linaondoka. Alikuwa na nafasi ya kumwita Leticia kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Akamrushia kokoto. Kwa sababu mwamba ulikuwa unasikiliza."

"Mzee," Deusi akaingilia, "kweli unajibizana na kokoto?"

"Nyamaza. Kokoto zina adabu kuliko wewe." Akakohoa. "Lundo, huyo anataka nini?"

Nikayasema yote mawili. Kelele wakati wa hatari. Na mwanamke mmoja wa kuangalia, ambaye akisema simama, mlima mzima unasimama.

Deusi akasimama. "Yaani mimi niko juu na nyundo yangu hewani, mwanamke aseme simama, na mimi nisimame?"

"Lundo, mwambie Deusi ndiyo," nikasema.

Wanaume wakaanza kuguna, wengine wanasimama. Mkwe wangu akagonga fimbo chini. Akasema, na sasa sauti yake haikuwa na utani hata kidogo: "Lundo, mwambie huyo. Baba yangu alipasua mawe kwa utaratibu huu, na babu yangu vilevile. Siuvunji kwa maneno. Jumatatu nitachoma mwamba, ule mrefu wa upande wa ziwa. Wanawake wapige kelele mpaka wachoke. Mwamba ukipasuka, wana sauti. Ukigoma, washuke mlima huu wote, wasirudi."

Bi Mwajuma akanigusa kisigino. Sikujua anasema kubali au kataa. Nikaliambia lundo, "Tumekubali."

Jumatatu Baba Shija aliamka kabla yangu. Nikamkuta jikoni, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akikaribia jiko, amepasha maji. Akanipa kikombe. "Kunywa ya vuguvugu," akasema. "Sauti inakauka." Akarudi kwenye kigoda chake. Vijana, kuna wanaume hawasemi nakupenda mpaka wanakufa, lakini maji watapasha.

Moto ukawashwa. Wanaume juu, wamekunja mikono. Sisi chini, tumesimama mstari mmoja, hata Leticia kaletwa kwenye toroli la kubebea kokoto, fimbo mkononi.

"Haya!" Deusi akapaza sauti kutoka juu. "Pigeni hizo kelele zenu!"

Na hapa, wewe mwenye miwani, sogea karibu. Hakuna kilichotoka. Nasema hakuna. Nilifungua mdomo, nikasikia upepo unaingia. Bi Mwajuma, mwenye maneno ya kujaza ziwa, alikuwa anameza mate. Wanawake wote wale, miaka yote ile tumesema tukiruhusiwa tutasema, na sasa tumeruhusiwa, koo zimefungwa kama mlango wa mtu asiyetaka wageni. Moto unalia, sisi kimya. Juu wakaanza kucheka. Kwa hiyo usione aibu. Sauti haikimbii kwa sababu wewe ni mwoga. Inakimbia kwa sababu imekaa ndani muda mrefu mno, haijui njia.

Aliyetutoa ni Leticia. Aliinuka kwenye toroli, akaegemea fimbo, akatugeuzia mgongo, akakaa chini kwenye gunia lake la siku zote, ameupa mlima kisogo kama siku ile. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya kuomba chumvi:

"Kabula. Safari hii niite."

Mkono wa Kabula ukapanda mdomoni wenyewe. Niliuona. Akautoa kwa mkono wa pili, kama mtu anayeng'oa kupe.

"Leticia," akasema kidogo.

"Sijasikia. Jiwe linakuja."

"Leticia!"

"Linakuja, Kabula!"

"LETICIAAA! TOKA HAPOOO!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile wala sitasikia. Ilikwenda ikagonga mlima ng'ambo ikarudi. Leticia akajitupa pembeni na mguu wake mbovu, akajibingirisha kwenye vumbi, akakaa, akainua mikono juu. "Nimepona!" akapaza sauti. "Mnaniona? Nimepona!" Kabula akamwangukia, wakalia. Na sisi tukafunguka. Bi Mwajuma akapiga vigelegele, mimi nikaanza wimbo wa kulimia wa kwetu, ambao nilikuwa nauimba kwenye pamba na mama yangu, wanaoujua wakaitikia, wasioujua wakaitikia zaidi. Tuliimba mpaka moto ukawa makaa.

Halafu wanaume wakapanda na nyundo.

Mwamba haukupasuka.

Deusi alipiga, nyundo ikaruka kama imepiga mpira. Wakachomeka mitaimbo, ikapinda. Wakapiga mpaka jasho likawa linachirizika kwenye jiwe na kukauka hapohapo. Haukutoka hata ufa wa kuingiza kisu. "Si mmeona!" akapiga kelele Deusi. "Si mmeona wenyewe!"

Tukaanza kukusanya vitu. Nilifunga nyundo yangu kwenye khanga. Nilikuwa nafikiria basi la Misungwi linaondoka saa ngapi, na Shija nimwachie nani. Hakuna aliyeongea, na safari hii si kwa mwiko.

Mkwe wangu akaanza kushuka. Alikuwa na magoti mabovu, kushuka kwake kulikuwa na kituo kila baada ya hatua chache, na hakuna aliyethubutu kuondoka kabla hajafika. Akafika. Akalipita kundi letu, akasimama mbele ya lundo, akanipa mgongo.

"Lundo," akasema. "Waambie wanaume wangu. Mwamba huu niliuchoma masika ya mwaka juzi. Wanawake walikuwa kimya. Uligoma. Nikauchoma tena mwaka jana. Walikuwa kimya. Uligoma. Jumamosi nilipoutaja, wote walikuwa wameshasahau; mimi nilijua."

Wanaume wakatazamana.

"Mzee," Deusi akasema polepole, "si ungenyamaza tu? Ilikuwa imekwisha."

"Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Halafu nikamsikia yule mtoto anavyomwita mwenzake." Akachokonoa kokoto kwa ncha ya fimbo. "Mimi nimekaa kule juu miaka yote, Deusi. Sijawahi hata siku moja kuona jiwe likianza kuja. Huwa nalisikia likifika."

Akakaa kwenye jiwe, akaomba maji.

Wiki iliyofuata wakachoma mwamba mwingine, wa upande wa machweo, ambao kila mtu alijua ni laini. Tulipiga soga mpaka mate yakakauka. Ukafunguka kama muhogo uliopikwa. Kuna waliosema ni kwa sababu mwamba umeshatuzoea. Bi Mwajuma akawajibu kwamba na wao watatuzoea. Wawili watatu walihama wakaenda machimbo mengine ambako wanawake walikuwa bado kimya. Waende. Baadaye wanawake wa huko nao walikuja kutuuliza tulifanyaje, na kutoka hapo ndipo nilipoanza kuitwa huku na huku, mara kikao cha mtaa, mara cha kata, mpaka mkaniona mnavyoniona. Lakini mliniuliza nilivyoanza, kwa hiyo nimalizie pale nilipoanza.

Zamu ya kwanza ya kuangalia nilipewa mimi. Wenzangu walisema aliyeliongelesha lundo ndiye atangulie. Nikakaa kwenye jiwe la pembeni, ninapoona juu na chini, mikono mitupu, na hicho ndicho kilikuwa kigumu kuliko vyote: kukaa bila nyundo na kuamini kwamba nafanya kazi. Juu wanaume wanapindua vipande kwa mitaimbo, Deusi ameinua nyundo yake kubwa. Na mimi nikaona kitu kinatoka kwenye kichaka, kinakata njia ya mawe.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingesema.

"SIMAMENIII!"

Mlima ukasimama. Kila kitu. Mitaimbo ikabaki imechomekwa, watu wameganda kama walivyo, Deusi na nyundo yake hewani, mikono inatetemeka. Kimya kile sijakisahau. Maisha yangu yote nilikuwa nimekaa ndani ya kimya cha kuamriwa. Kile cha siku hiyo nilikiamuru mimi.

Mkwe wangu akatokea ukingoni, mkono juu ya macho. Lundo lilikuwa mbali. Hapakuwa na chungu, hapakuwa na mtoto. Akanitazama moja kwa moja.

"Mama Shija! Kuna nini?"

Na mimi nikamtazama.

"Mbuzi, baba!"

Nikasubiri wacheke. Upepo ukapita.

"Amepita?" akauliza.

"Bado! Ana watoto wawili, mmoja amekaa chini!"

"Haya. Tunasubiri."

Wakasubiri. Mbuzi akasimama katikati, akala jani, akatafuna. Katoto kakanyanyuka, kakanyoosha mgongo, kakakaa tena.

"Mama," Deusi akaita kutoka juu, sauti ya kuomba, "mkono wangu unakufa."

"Ushushe taratibu," nikamwambia. "Usigonge kitu."

Akaushusha taratibu. Mbuzi akavuka, na watoto wake nyuma yake, wakaingia kichakani. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama tena kushoto, na sikuona sababu ya kuharakisha.

"Haya," nikasema. "Endeleeni."

Wakaendelea.